Tupeane uzoefu: Unasomaje tabaka, jinsia, umri na asili kwenye muvi za taharuki?

Bint Tabora (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa wanaofundisha, wanaohariri, wanaoandika skripti na wanaochambua. Mijadala yetu mingi huishia kwenye "wametuonyesha vibaya" au "safari hii wametutendea haki", na hapo hatujachambua kitu. Muvi ya taharuki inaendeshwa na jambo moja: nani anajua hatari iko wapi, na amejua mapema kiasi gani kuliko mwenzake. Basi tabaka, jinsia, umri na asili tuvitafute hapohapo, kwenye mgawanyo wa kujua. Leta onyesho moja tu. Sema kamera imekaa wapi, sauti inatoa nini, nani ameachwa gizani. Miisho itatajwa humu, asiyetazama ajihadhari.

Mhariri wa Usiku

Naweka mezani Get Out ya Jordan Peele (2017), kwa sababu wenye Kiswahili tumepewa humo nafasi ambayo watazamaji wengi hawana. Wimbo wa utangulizi, "Sikiliza Kwa Wahenga", uliotungwa na Michael Abels, ni wa Kiswahili. Sauti zinamwonya ndugu awasikilize wahenga, akimbie. Chris, mpiga picha mweusi anayekwenda kutambulishwa kwa wazazi wa Rose, mpenzi wake mzungu, hata safari hajaanza, sisi tumeshaambiwa. Mtazamaji asiyejua lugha anapata kitisho bila maana, kwa hiyo kwa dakika hizo watu wa ukumbi mmoja wanatazama muvi mbili tofauti.

Ila tuseme kweli kuhusu asili: Kiswahili hapo hakimwakilishi Mswahili. Wahenga wengi wa Wamarekani weusi walichukuliwa Afrika Magharibi na ya Kati. Lugha yetu imesimama badala ya bara zima, kama inavyofanya kwenye Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi, tangu 1966. Ukichambua, tenganisha mambo mawili: lugha kusikika, na wenye lugha kuwemo.

Sasa umri, ambao wengi wanauruka. Familia ya Rose huhamishia ubongo wa wateja wake kwenye miili ya weusi. Kwenye karamu yao kuna Logan, mmoja wa miili hiyo. Sura ya kijana, mavazi na mwendo wa mzee. Chris anamnyooshea ngumi ya salamu, yeye anaipokea kwa kiganja. Walter na Georgina nao: kwa macho ni mtunza bustani na mtumishi wa ndani, kumbe ni babu na bibi wa familia yenye nyumba. Anayeonekana mtumishi ndiye mwenye mali, anayeonekana kijana ndiye kizee. Ukiandika "ubaguzi wa rangi" ukafunga daftari, umeacha nusu ya kazi, maana wale ni matajiri wanaonunua miaka ya watu wengine, na kila mnunuzi ana anachokitaka. Mfanyabiashara wa sanaa, ambaye ni kipofu, anataka macho ya mpiga picha.

Mwisho wake ni somo peke yake. Simamisha pale taa za gari la usalama zinapowaka, Chris akiwa juu ya mwanamke mzungu aliyelala barabarani. Uliza darasa wanaogopa nini. Wanamwogopea aliyenusurika! Hofu hiyo ilipandwa mapema, askari alipomtaka Chris kitambulisho wakati dereva alikuwa Rose. Kwenye mwisho uliotolewa sinema, kumbe anayeshuka garini ni rafiki yake. Ulipigwa pia mwisho mwingine ambamo Chris anaishia jela. Onyesha miisho yote miwili, na uanze na uliotolewa sinema, la sivyo taharuki ya zile taa inakufa.

Kariokor 07

Nami niwapeleke Nairobi, ingawa kamera hazikufika huko: Eye in the Sky ya Gavin Hood (2015) inasimulia shambulio la droni dhidi ya magaidi mtaani Eastleigh, lakini ilipigwa Afrika Kusini. Chora ngazi. Juu kabisa London na Nevada, wanaona nyumba kwa jicho la droni. Katikati Jama Farah, jasusi anayeigizwa na Barkhad Abdi, amesimama mtaani akijifanya mchuuzi wa ndoo. Akigundulika atafukuzwa kwa risasi, hatari ambayo wa juu hawana. Chini ni Alia, mtoto anayeuza mikate kando ya ukuta. Yeye hajui chochote. Kadiri unavyoshuka, kujua kunapungua na hatari inazidi.

Halafu jinsia. Nafasi ya kanali anayeigizwa na Helen Mirren iliandikwa kwanza kwa mwanamume. Watu husifu kwamba mwanamke kapewa amri, wakaishia hapo. Endelea kutazama: ni yeye anayembana sajini mpaka makisio ya uwezekano wa mtoto kufa yashuke chini ya asilimia 50, yakatua kwenye 45. Mwenye amri amebadilika, ngazi imebaki ilivyo. Kwa haki ya muvi, Alia amepewa jina na nyumbani. Baba yake fundi baiskeli anamtengenezea ringi ya kuchezea, na analazimika kumkataza akiwepo mteja mwenye msimamo mkali. Muvi nyingi za aina hii zingempa sekunde tatu za kulia.

Mama Skripti

Kwa waandishi: mtazameni mtumishi. Kwenye Parasite ya Bong Joon-ho (2019) mtunza nyumba anaijua nyumba kuliko wenyewe, pamoja na handaki ambalo familia ya Park, matajiri wenye nyumba, haina habari nalo. Tabaka la chini limepewa siri, na siri ndiyo inayosukuma nusu ya pili ya hadithi. Mvua nayo: kwa Park imesafisha hewa, kwa akina Kim, familia maskini inayowafanyia kazi, imeleta maji ya choo mpaka ndani. Skripti zetu dada wa kazi huingia na sinia ya chai, akatoka. Mpe kitu kimoja anachokijua na bosi hakijui, uone onyesho litakavyoinuka lenyewe.

Bint Tabora

Mama Skripti umegusa penyewe. Niongeze la jinsia kwa kifupi: Psycho (1960), pale Norman, mwenye moteli, anapoondoa picha ukutani na kumchungulia mgeni wa kike kwenye tundu. Kwanza tunaona jicho lake kwa ubavu, kisha tunaona anachokiona. Tumekuwa wachunguliaji bila kuombwa ruhusa. Laura Mulvey, mwananadharia wa filamu, aliandika juu ya jicho hili la kiume mwaka 1975. Na mkumbuke bibi kizee anayetumika humo kama kitisho: sauti na mgongo, sura imefichwa mpaka mwisho.

Fundi Sauti

Utaratibu unaofaa darasani. Chukua kipande cha dakika nne au tano, kisizidi, maana kikizidi watu wanaanza kufuata hadithi badala ya kuhesabu. Mara ya kwanza zima sauti. Andika kila shoti, yaani kila kipande cha picha kabla haijakatwa: nani yumo, kamera iko juu yake, chini yake au usawa wa macho, na ni macho ya nani. Mara ya pili geuza skrini, sikiliza tu. Ngoma za hatari zinaanza nani anapoingia? Zikianza kila mara kijana mweusi au mwanamke mzee anapotokea, wakati hajafanya lolote, umepata ushahidi ulioko kwenye muziki na si kwenye picha. Mara ya tatu weka vyote.

Kinachoharibika sana ni kutumia kopi ya kibanda umiza, vile vibanda vya video mtaani, yenye sauti ya mtafsiri. Ni sanaa kubwa na naiheshimu, ila mtafsiri humwambia mtazamaji nani adui kabla muvi yenyewe haijasema. Ichambue kivyake, usiichanganye.

Kariokor 07

Na majina yanayopita mwishoni mwa muvi msiyakatishe. Panga wahusika mafungu mawili: wenye jina na wenye cheo au namba tu, "mlinzi wa pili", "mwanamke sokoni". Kando ya kila mmoja andika umri anaoonekana, jinsia, asili na kazi yake. Jedwali likijaa, rudi kwenye shoti za Fundi Sauti uone wasio na jina wanaangaliwa kwa macho ya nani.