Nimepigwa: "safari ya kihistoria" ya Yuma, Arizona, bi mkubwa karudi na jino lake bovu

Wakuu heshima kwenu. Nimesubiri siku tatu nipoe, sijapoa.

Kuna Mbongo mwenzetu huku Marekani anauza safari kwenye magrupu. Tangazo lake: Yuma, mji wa jangwani mpakani na Mexico, kivuko cha kale cha mto Colorado, kupanda boti, kisha kuvuka hadi Los Algodones, upande wa Mexico, kutibu meno kwa bei chee. Picha ya meli ya mvuke juu. Nikalipia watatu, mama yangu na jino lake akiwemo.

Katupeleka Julai. Julai! Wazungu wastaafu huujaza mji ule majira ya baridi, hawana wazimu. Saa 5 asubuhi nyuzi 44, ukigusa kitasa cha gari unaruka. Mashamba ya saladi aliyoyasifia nayo ni ya majira ya baridi, tumeona udongo mtupu.

Boti hakuna. Zile meli zilianza kufa reli ilipofika 1877, bwawa la Laguna likazimaliza 1909. Maji mengi yanachepushwa kabla ya kufika mjini, kwenda mashambani California. Naoneshwa kijito, "ndiyo Colorado hiyo kaka".

Sikatai, pale pana historia. Mto unabanwa na vilima viwili vya mawe, ndiyo maana wasafiri walivukia hapo, na wenye kivuko walikuwa Waquechan, kabila la wenyeji wa asili. Wahispania walipojifanya wenyeji, 1781 walikiona cha moto. Lakini hayo nimeyasoma mwenyewe. "Mwongozaji" alikuwa garini na kiyoyozi chake, anachati.

Sasa mpaka. Tulipouliza pasi alisema, "Za nini, ni kama kuvuka barabara." Kwenda kweli unatembea tu. Kurudi unamkuta afisa wa Marekani anataka hati, na pasi ya mama iko Phoenix, saa tatu kwa gari. Mtu mzima wa miaka 67 kakaa kwenye maegesho kashika shavu, madaktari wa meno wamejaa ng'ambo ya ukuta pale pale.

Nilipodai hela yangu: "Kaka, si gereza mmeliona?"

Tumeliona. Gereza la kale la Yuma, la 1876. Kile chumba cha giza walichochonga ndani ya mwamba kuwaadhibu wafungwa ndipo mahali pekee mama alipopata kivuli siku nzima.

Anayejua namna ya kumbana mtu aliye jimbo jingine aniandikie faragha. Wa "ungegoogle kwanza" pita tu, mke wangu keshaniambia.