Naenda Ethiopia Januari: nawapigaje watu picha bila kuwavunjia heshima?

NasiekuPicha

Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni mpiga picha hapa Kawangware. Riziki yangu ni harusi, ruracio (sherehe za mahari) na picha za pasipoti. Januari mimi na rafiki yangu tunapanda basi hadi Moyale mpakani, tuvuke, tufike Addis Ababa kabla ya Timkat, sikukuu ya Waorthodoksi ya ubatizo wa Yesu, kisha turudi polepole kupitia miji ya kusini, Arba Minch na Jinka. Majengo na milima hainipi wasiwasi. Ninachokitafuta ni watu, na hapo ndipo nataka ushauri.

Mama yangu mkubwa wa Narok alipigwa picha na mgeni akiuza shanga kando ya barabara. Miaka mingi baadaye binamu yangu aliikuta kwenye kadi ya posta, katika duka moja katikati ya jiji. Nyuma imeandikwa tu kuwa ni mwanamke Mmaasai. Jina hakuna, na hakuna aliyemuuliza. Alipoonyeshwa aliitazama sana, akasema shuka ile aliyovaa alipewa na marehemu mumewe. Sitaki kumfanyia mama wa mtu mwingine hivyo.

Sasa naomba mnisaidie. Ruhusa naombaje, nami Kiamhari sijui? Nilipe au nisilipe? Na vifaa je: nina kamera mbili kubwa, lenzi moja ndefu na droni ndogo ya harusi. Nibebe vyote?

DerevaWaA2

Dada Nasieku, droni iache nyumbani. Forodha ya Ethiopia hutaka kibali cha droni, na usipokuwa nacho wataizuia. Kamera beba, ila zitaje wewe mwenyewe mpakani, usingoje wazitoe kwenye begi. Viza huhitaji, pasipoti ya Kenya inatosha. Mabasi ya Moyale yanatoka Eastleigh, ni kama kilomita 780, na lami siku hizi imefika hadi mwisho.

Mimi ni Mborana. Nina shangazi upande huu na wajomba upande ule. Moyale watakujua wewe ni wa kusini kabla hujafungua mdomo, kwa hiyo fungua mdomo mapema: sema "Nagaa", ngoja nao waulize habari zako, za safari, za mifugo hata kama huna. Salamu zetu ni ndefu na haziharakishwi. Ukizikata katikati ili utoe kamera, umeshaikosa picha.

Usipige geti la mpaka, askari, kambi, daraja wala uwanja wa ndege. Simu pia ni kamera machoni pa askari.

Jambo moja litakufaa sana. Wenzetu wanahesabu saa kama sisi, kuanzia alfajiri. Mtu akikuambia kwa lugha yake tukutane saa mbili asubuhi, ni saa mbili yetu hii hii. Wazungu hukosa miadi pale, wewe hutakosa. Kalenda ndiyo tofauti: mwaka wao una miezi 13 na uko nyuma ya wetu kwa miaka saba au minane. Timkat kwao ni tarehe 11 ya mwezi wa Tir, kwetu kwa kawaida 19 Januari. Na mkishawishiwa na mtu mwendelee hadi Lalibela, ulizieni usalama kwanza. Jimbo la Amhara, ilipo Lalibela, limekuwa na mapigano tangu 2023.

BunnaNaUbani

Dada, karibu kwetu. Nilizaliwa Addis, nikaletwa Nairobi nikiwa mtoto wa shule ya msingi, na sasa nauza kahawa na mama yangu huku Kilimani. Wewe unauliza ukiwa nyuma ya kamera, basi nikuambie inavyokuwa ukiwa mbele yake.

Tunakaanga kahawa mbele ya wateja. Moshi ukipanda, simu nazo zinapanda. Wengi wanaozinyanyua hawajanisalimia bado. Siwakatazi, lakini najiona ninavyobadilika: mgongo unanyooka, tabasamu linakuwa la biashara, mkono unaomimina unaanza kumimina kwa ajili yao. Wanaondoka na picha nzuri ya jebena, birika letu la udongo, na mimi simo. Kuna wengine hukaa. Wanakunywa duru ya kwanza, abol, wanangoja tona, wanafika bereka ambayo ni ya tatu. Kufikia hapo mama yangu ameshawauliza wameoa au hawajaoa, na wameulizana habari za wazazi. Hao wakiomba picha wanampata mama akicheka na mkono mdomoni, maana ana jino moja limetoka. Hiyo picha ipo ukutani kwetu.

Basi ukikaribishwa kahawa huko, kubali, na ujue kwamba umepewa saa nzima au zaidi. Nyasi mbichi zitatandazwa sakafuni, ubani utafukizwa, pengine utaletewa na bisi. Kamera iwe magotini, ionekane. Kuificha kisha kuitoa ghafla ndiko kunakotia watu hofu. Ukienda nyumbani kwa mtu beba sukari au kahawa mbichi. Pesa usimpe mtu aliyekukaribisha kwake, utamfanya ajione ameuza ukarimu wake. Na mwenyeji akikulisha tonge la injera, mkate wetu laini kama chapati, kwa mkono wake, hiyo ni gursha, fungua mdomo upokee. Kukataa kunauma kuliko kunyimwa picha.

Ruhusa unaomba hivi: "Foto mansat yichalal?" Ukikubaliwa utasikia "ishi". Ila sikiliza pia pumzi. Kwetu mtu anaweza kukuitikia kwa kuvuta pumzi ndani kwa ghafla, kama aliyeshtuka. Wageni wengi huteremsha kamera wakidhani wamemtisha, kumbe ameshakubali. Akigeuza uso au akivuta netela, shuka jepesi la pamba, hadi puani, hiyo ni hapana, usirudi kumbembeleza. Asante ni "ameseginalehu". Ni refu, lakini ukilijaribu utaona uso wa mtu unavyofunguka, na hapo usikimbilie kamera.

Mzee unamsimamia. Unampa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia, unainamisha kichwa kidogo. Watoto wachanga usiwapige kwa ghafla, tena usimsifie mtoto uzuri wake kwa sauti kisha ukamwelekezea lenzi. Wapo wengi wanaoogopa buda, yaani jicho baya, na mama ataondoka naye. Mwombee mtoto heri kwanza, zungumza na mama, picha ifuate au isifuate.

Timkat sasa. Watu wa picha huingoja siku yenyewe, lakini mimi ningekuambia uwe barabarani kuanzia tarehe 18, siku ya Ketera, mkesha wa Timkat, tabot (nakala takatifu za Sanduku la Agano) zinapotolewa makanisani. Makasisi wanazibeba kichwani zikiwa zimefunikwa vitambaa vya thamani, miavuli ya rangi juu yao, na vijana wanatandika zulia mbele, wanalikunja nyuma, wanakimbia kulitandika tena mbele. Addis wanaelekea Jan Meda, usiku unakeshwa hapo, asubuhi maji yanabarikiwa na kurushiwa watu. Usipande ukuta au gari ili upige tabot kutoka juu yake, na usikanyage zulia. Vaa nguo ndefu, weka netela nyeupe kichwani, utapita watu wakikuita dada. Ukiingia kanisani viatu nje, flashi zima. Chumba cha ndani kabisa ni cha makasisi, pazia lake usilikaribie hata kwa lenzi ndefu.

Na ukimpiga mtu, muulize jina uliandike palepale. Sisi hatuna jina la ukoo. La kwanza ni la mtu mwenyewe, la pili ni la baba yake. Kwa hiyo usije ukamwandika kwa jina la pili peke yake kama mnavyofanya kwenye fomu hapa. Utakuwa umeandika chini ya picha ya mama jina la babu wa watoto wake. Muulize na akaunti yake ya Telegram, kwetu karibu kila mwenye simu nzuri anayo, umtumie picha usiku huohuo.

Kusini_Omo

Nakubaliana na dada Bunna kuhusu Addis na nyanda za juu. Lakini Nasieku anataka kufika Jinka, na huko pesa haikwepeki. Nimewapeleka wageni bonde la Omo mara nyingi, na hili nalitetea kwa moyo wote: lipa, lipa vizuri, na usinung'unike.

Kwa Wamursi, ambao wanawake wao huvaa visahani midomoni, ndani ya hifadhi ya Mago, picha inalipiwa kwa kila mtu, na wakati mwingine kwa kila mbofyo. Wageni hulalamika kwamba watu wameharibiwa na pesa. Waulize wao wenyewe wangekubali kusimama juani mchana kutwa wakitazamwa midomo bila malipo. Zamani mto Omo ulifurika kila mwaka, maji yakipungua watu wanapanda mtama kwenye tope la kingo. Bwawa la Gibe III lilizinduliwa 2016, mafuriko yale yakadhibitiwa. Mashamba makubwa ya miwa nayo yamechukua ardhi. Sisi Wakenya tusijifanye hayatuhusu, maji mengi ya ziwa Turkana yanatoka mto huohuo. Sasa mama Mmursi akitaka birr, pesa ya Ethiopia, kwa uso wake, anataka kununua nafaka ambayo mto ulikuwa unampa. Mimi sioni ombaomba hapo.

Linaloniumiza ni jingine. Kamera zimewafundisha watu kujipamba kwa ajili ya kamera. Utaona mtu amejitundika pembe, maua na vikapu kichwani vyote kwa pamoja, kwa sababu anayevutia zaidi ndiye anayechaguliwa. Mgeni anarudi akisema ameona utamaduni wa kale, kumbe ameona foleni ya kazi. Ukifika hapo kubaliana bei na mwenyeji kabla ya kutoa kamera, uwe na noti ndogo nyingi, na piga wachache. Mpige pia yule ambaye hajajipamba, umlipe sawa na wenzake.

Kama unataka watu wakiwa katika shughuli zao, nenda sokoni. Key Afer ni Alhamisi, Dimeka ni Jumamosi, Turmi ni Jumatatu. Wahamar, Wabanna na Watsemay wanakuja na asali, siagi, mbuzi, udongo mwekundu wa nywele. Nunua kitu, kaa chini, kula. Saa mbili za kwanza kamera isitoke.

FundiLenzi

La ufundi tu. Mashati meupe ya bwana harusi umeyazoea, lakini Timkat ni nyeupe tupu mbele ya nyuso nyeusi kwenye jua kali la Addis, mita zaidi ya 2,300 juu ya usawa wa bahari. Ukiiachia kamera ipime mwanga yenyewe, nyuso zitatoka giza. Pima usoni, netela iungue kidogo kwa weupe, hakuna atakayekulaumu. Jua likisimama utosini tafuta kivuli cha ukuta. Lenzi ndefu mimi ningeiacha pamoja na droni. Ukiwa na lenzi fupi ya milimita 35 au 50 inabidi umkaribie mtu, na ukimkaribia huwezi kukosa kumsalimia.

NasiekuPicha

Asanteni sana, sikutegemea kupata haya yote. Droni na lenzi ndefu zinabaki Kawangware. Nimepanga tukae Key Afer Alhamisi nzima badala ya kupita vijiji vitatu kwa siku moja kama tulivyokuwa tumeshauriwa. Mursi bado natafakari. Kuna mwongozaji amesema anaweza kutupeleka kwenye sherehe ya Wahamar ya kuruka ng'ombe, kwamba kuna picha kali za wanawake wanaochapwa fimbo. Hilo limenikaa vibaya, na sijui kama ni mimi tu.

Kusini_Omo

Si wewe tu. Sherehe ni ya kijana anayevuka kuwa mtu mzima, aweze kuoa. Dada na binamu zake wanachapwa kwa kutaka wenyewe, ni deni la udugu: siku wakipatwa na shida, makovu yale yanamkumbusha anachowiwa. Lakini mtu akikuuzia sherehe hiyo kwa kutaja damu kwanza, mkatae, tafuta mwongozaji mwingine Turmi au Dimeka. Ukialikwa kwa njia safi, nenda, lipa kiingilio cha familia, na uitazame pasipo kamera hadi ujue kijana anaitwa nani na mama yake ni yupi. Migongo ya wasichana mimi sijawahi kuipiga na wageni wangu nawaomba wasiipige. Mpige mama akimtazama mwanawe akikimbia juu ya ng'ombe. Nakuhakikishia hiyo ndiyo sherehe.

BunnaNaUbani

Nakazia hapo. Na kama utakuja kuzionyesha hapa Nairobi, au kuziuza, waambie kabla hujapiga. Mtu anaweza kukubali picha ya kumbukumbu na akakataa picha ya ukutani kwa watu. Ni maswali mawili, yaulize yote mawili. Pita Kilimani kabla ya safari nikuandikie yote mawili kwa herufi zetu kwenye karatasi, uionyeshe pale ulimi utakapokwama.

DerevaWaA2

Mwisho kutoka kwangu. Mabasi upande wa pili huondoka alfajiri sana, na safari ya Addis ni ndefu. Mkifika Moyale jioni laleni, msikubali gari la usiku. Vukeni asubuhi mkiwa na birr mkononi, na mwache siku moja ya ziada kabla ya tarehe 18.