Programu ya kuchora maumbo na kuhesabu ujazo imeshindwa kutoa kidaka kwenye ukuta, na haikusema kitu!

Asalaam aleikum jamani. Naandika na hasira, mnistahamilie. Leseni nimeilipia kwa pesa yangu, sikuipakua kwa mlango wa uani kama baadhi yenu (mnajijua). Jina la programu silitaji, sitaki kesi.

Kazi yenyewe ndogo. Kuna nyumba ya mawe hapa Mji Mkongwe, Zanzibar, ukuta wake mmoja umetitia na fundi anataka kuujenga upya vile vile ulivyokuwa. Mie nikapewa vipimo. Toka Beit al-Ajaib, lile jumba la zamani la masultani, ilipoporomoka upande mmoja ile Disemba 2020 nimeingiwa na wazimu wa kupima kuta kabla hazijalala chini, kwa hiyo nilikubali bila hata kuuliza malipo. Ukuta una urefu wa mita 4, kwenda juu mita 3, unene sentimita 60. Una vidaka sita (vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu), kila kimoja upana sentimita 60, kimo 40, kina 20. Juu kuna matundu tisa ya boriti, kipenyo sentimita 12, yameingia ukutani sentimita 25. Fundi anauliza jambo moja tu: ukuta huu utakula mawe na chokaa kiasi gani?

Mtoto wa skuli mwenye kalamu angemaliza kabla chai haijapoa. Ukuta mzima mita za ujazo 7.2, vidaka 0.288, matundu ya boriti kama 0.0254. Kinabaki 6.8866. Lakini nilitaka na picha, maana vidaka vyenyewe vina matao, na tao halikubali kalamu kirahisi. Nikasema nianze na vidaka vya mraba kwanza, nijaribu.

Nikachora ukuta. Nikachora vidaka, nikachora silinda za boriti, nikaiamuru itoe hivi kwenye kile. Feni ya kompyuta ikalia kama mashine ya kusaga, nikangoja, jibu likatoka: 7.2.

Saba nukta mbili! Yaani haikutoa kitu. Hakuna onyo, hakuna maandishi mekundu, hakuna hata "samahani". Picha nayo inaonyesha vidaka vipo, ila mbele ya kila kimoja kuna ngozi nyembamba, ukiizungusha inamemetuka, kama utandu wa maziwa. Nikachapisha karatasi nikampelekea fundi, mzee wa watu, kaishika mbali na macho, akaniuliza, "Mwanangu, vidaka hivi umeviziba na nini?" Mafundi wote wakacheka. Mie nikacheka nao, nifanyeje.

Usiku nikakaa nikachimba. Uso wa mbele wa kidaka unalala juu ya uso wa ukuta, sawasawa, ndiyo maana ya kidaka. Mie nilianzisha kidaka mita 0.4 toka nyuma ya ukuta na kina chake 0.2, nikajua kitaishia 0.6, pale pale uso wa mbele wa ukuta ulipo. Kompyuta haikubaliani. Desimali kama hizi haiwezi kuzishika kamili. Andika 0.4 + 0.2 kwenye kompyuta inayotumia namba za biti 64 za ile kanuni ya IEEE 754 ya mwaka 1985 (kanuni ya kuhifadhi desimali), itakwambia 0.6000000000000001. Kwa hiyo uso wa kidaka na uso wa ukuta hazijalala pamoja, wala hazijaachana. Programu inachanganyikiwa kipi ni ndani kipi ni nje, inabakisha ngozi, halafu inaelekea inahesabu ujazo wa ganda la nje tu.

Nikawaandikia wenye programu. Wamejibu baada ya siku tisa: "Epuka nyuso zinazolingana." Hebu niambieni, nyie mnaoishi kwenye nyumba: mlango, dirisha, kidaka, tundu la boriti, kipi kati ya hivyo hakifiki kwenye uso wa ukuta? Shimo lisilofika usoni si kidaka, ni hewa iliyonaswa! Ni sawa na kumuuzia mtu kisu ukamwambia epuka vitu vigumu.

Na wasiniambie jambo ni gumu halijapatiwa dawa. Aristides Requicha na wenzake pale Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walilishughulikia toka miaka ya 1970. Ukishatoa umbo kwenye umbo, chukua sehemu ya ndani tu ya kilichobaki, kisha kirudishie mpaka wake. Ngozi isiyo na unene inapotea yenyewe, kwa sababu haina ndani. Miaka hamsini hiyo. Na sisi tunalipia leseni kila mwaka.

NYONGEZA: Nimeona jibu la huyu aliyesema kidaka kitokeze nje ya ukuta kidogo. Ahsante sana, nimekitokeza sentimita 1 kwa mbele, na silinda vile vile, ngozi imeondoka. Pia nimeandika vipimo vyote kwa milimita, namba nzima nzima, desimali hakuna. Jibu sasa ni 6.8877.

Mkeka ukanyooka? Wapi. Kalamu yangu inasema 6.8866. Nikatafuta ile tofauti saa nzima. Nikatoa tundu moja peke yake: 0.0027 kamili. Kamili! Silinda gani ina ujazo kamili hivyo? Nikaugawa kwa kina cha tundu, kisha kwa nusu kipenyo mara nusu kipenyo, badala ya 3.1416 nikapata 3. Pai imekuwa tatu! Nikasogeza picha karibu, kumbe "silinda" yangu ina pembe kumi na mbili, kama nati ya bomba. Umbo la pembe 12 ndani ya duara eneo lake ni nusu kipenyo mara nusu kipenyo mara 3, hapo hapo. Imenikatia boriti kwa shoka bila kuniambia. Kwa ukuta huu tofauti ni ndogo, sikatai. Lakini mie niliandika silinda.

NYONGEZA 2: Kwa anayesema nirudi kwenye kalamu, nisharudi, fundi kapewa 6.8866 na mawe yameshaanza kushushwa. Shida yangu sasa ni yale matao. Kidaka kimechongoka juu, na tao limetengenezwa na vipande viwili vya duara vinavyokutana. Aliyewahi kutoa umbo kama hilo kwenye ukuta na programu isimdanganye, aseme aliweka pembe ngapi kwenye kila kipande. Na aseme jibu alilihakiki kwa kutumia kitu gani.