Nyuzi zimetoka, ugoko umefunga: arudi kulima lini?

Matuta_Uyole: Wakuu habari. Kibarua wa viazi alijikata ugokoni kwa jembe, jeraha la sentimita 6. Alishonwa, nyuzi zikatolewa siku ya 12. Sasa ni wiki ya tatu na anataka kurudi shambani. Kovu ni jekundu, limeinuka, linawasha. Ndiyo keloidi (kovu linalozidi kukua kupita jeraha)? Kila asubuhi anapaka spiriti.

Mzee wa Dresingi: Mkuu, kufunga siyo kupona. Jeraha likishonwa vizuri, ngozi ya juu hukutana ndani ya siku mbili tu. Kinacholishika ni kolajeni (protini inayoipa ngozi uimara), na hiyo huanza kusukwa chini yake kuanzia kama siku ya 4, baada ya chembe nyeupe za damu kusafisha vijidudu na nyama iliyokufa (ule uvimbe na joto la mwanzo ndiyo kazi yao). Ukilinganisha na ngozi nzima, wiki ya kwanza kovu halifiki asilimia 10 ya nguvu. Wiki ya tatu ni 20 hadi 30. Miezi mitatu, kama 80, na hapo ndiyo mwisho wake, 100 halifikii maishani.

Kwa hiyo achambue mbegu, apange viazi, lakini kulima matuta na kubeba magunia bado. Ugoko ni ngozi juu ya mfupa, damu yake haba, na baridi ya Juni huko kwenu inaibana zaidi. Mimi ningempa wiki 6, kisha aanze taratibu akiwa na buti ndefu.

Spiriti aache leo. Jeraha limefunga, inamkaushia ngozi na kumzidishia muwasho bure. Na kidonda kibichi ndiyo kabisa, inaua chembe changa. Tangu 1962 mtafiti George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu huota ngozi karibu mara mbili ya kasi ya kile kilichoachwa kikauke.

Nesi_Tukuyu: Kuhusu keloidi: linatambaa nje ya mstari wa jeraha? Kama limebaki ndani, wiki ya tatu hayo yote ni kawaida. Kolajeni ya mwanzo huwekwa ovyoovyo, mwili huibadilisha kidogokidogo hata mwaka mzima. Keloidi huvuka mpaka, mara nyingi huanza miezi baadaye, na hupenda masikio, kifua na mabega kuliko miguu.

Alikande kwa kidole na mafuta ya mgando, dakika 5 hadi 10, mara mbili kwa siku. Akipata bandiko la silikoni, alivae saa 12 au zaidi kwa siku, miezi 2 hadi 3. Alifunike na jua pia, kovu changa huwa jeusi upesi. Ikija kuwa keloidi kweli, ni sindano za triamsinoloni (dawa ya kusinyaza kovu) kila wiki 4 hadi 6. Kukata peke yake asikubali, mara nyingi hurudi kubwa zaidi.

Matuta_Uyole: Shukrani. Na pakifunguka katikati?

Mzee wa Dresingi: Aoshe kwa maji yaliyochemka yakapoa, chumvi gramu 9 kwa lita (kijiko cha chai kimoja na nusu, kilichosawazishwa), afunike, aende zahanati siku hiyohiyo. Akiona usaha, wekundu unaopanda mguu au homa, asingoje hata asubuhi. Na muulize chanjo ya pepopunda. Jembe lina udongo, nyuzi hazizuii pepopunda.