Dodoma: wapi naweza kuicheza ngoma ya Kigogo, si kuitazama tu?

Binti_Ilazo (mleta mada)

Wakuu, mbukwenyi.

Mimi ni Mnyaturu, mhasibu, nililetwa Dodoma na uhamisho, huu ni mwaka wa nne naishi Ilazo. Swali langu ni moja ila lina mzunguko, nivumilieni.

Kabla ya kuja huku nilisoma miaka miwili Lafayette, Louisiana, kusini mwa Marekani. Kuna watu huko wanaitwa Cajun. Wahenga wao walikuwa Wafaransa waliolowea Kanada, Waingereza wakaanza kuwafukuza mwaka 1755, wakatawanyika, na wengine wakaishia kwenye mabwawa ya Louisiana. Muziki wao ni fidla, kodiani ndogo ya vitufe kumi, gitaa, na chuma cha pembe tatu kinachogongwa kama kengele ya shule. Hicho chuma zamani walikikunja kutoka meno ya reki ya kukusanyia majani makavu ya mifugo. Kodiani yenyewe ukiivuta inatoa sauti moja, ukiibana kwa kitufe kile kile inatoa nyingine, kwa hiyo mpigaji anahema nayo.

Jumamosi moja wenzangu wakanipeleka mji mdogo unaitwa Mamou. Kuna baa pale inayofunguliwa Jumamosi asubuhi tu. Saa tatu bendi imeshakolea, redio inarusha moja kwa moja, na watu wa umri wa bibi yangu wanazunguka sakafu wawili wawili. Bendi haiko jukwaani. Imekaa chini, katikati ya watu, imezungushiwa kamba tu isikanyagwe. Mzee mmoja, shati limepigwa pasi mpaka linakata, akaninyooshea mkono. Nikamwambia sijui kucheza. Akasema, "Kwani nimekuuliza?" Nikacheza. Nikamkanyaga mara mbili. Hakuna aliyenipiga picha wala kunipigia makofi, maana hakuna aliyekuja pale kutazama.

Sasa ndiyo hoja. Ngoma ya Kigogo nimeiona Dodoma mara nyingi, lakini ni kwenye mapokezi na ufunguzi wa semina. Dakika kumi, MC anasema "tunawashukuru sana kina mama, tuendelee na ratiba", basi. Mwaka jana ofisi moja, siitaji, ilikiita kikundi saa mbili asubuhi. Mgeni akafika saa nane mchana. Kina mama wamekaa juani muda wote huo, ngoma wameziegemeza kwenye uzio. Mgeni alipofika wakapiga dakika saba, nilihesabu. Na mimi ndiye niliyeandaa hati yao ya malipo. Kwenye kifungu tuliandika "burudani".

Kwa hiyo naomba kujua: wapi, na siku gani, mtu baki kama mimi anaweza kwenda akachezeshwa, akakosea, akacheza tena? Nawasilisha.

Kiberiti_Changombe

Mleta mada, yaani watu wanatafuta viza kwa udi na uvumba, wewe umerudi kutoka Marekani na kiu ya ngoma 😂

Wikendi Dodoma ni singeli, mbuzi wa kuchoma na mpira. Ngoma za asili zimebaki za kupokea wageni na Nane Nane pale Nzuguni. Vijana wa Kigogo wenyewe hawazitaki, nasema hivyo nikiwa Mgogo. Hao wa Louisiana wanacheza kwa sababu wana hela na muda.

Mwana_wa_Mvumi

Dada, mbukwa. Pole na hiyo hati ya malipo. Mama yangu ni mpigaji wa muheme, ngoma ya kina mama wa Kigogo, amepita miaka sabini, na amekaa juani kwa ajili ya ofisi zaidi ya moja. Usiku akirudi hasemi amechoka, anasema "leo hatukupiga". Kwake dakika saba ni kupasha moto tu.

Unachokiona kwenye mapokezi ni muheme uliokatwa kichwa na mkia. Nikueleze unavyokuwa ukiachwa. Kwanza ngozi zinaotwa moto zikaze. Hiyo ndiyo kazi pekee niliyowahi kupewa mimi mwanaume. Ngoma zenyewe ni za kina mama. Zina kiuno chembamba katikati, mama anaibana mapajani akiwa amesimama, mikono inabaki huru. Wanaanza wa kushikilia mwendo, mmoja mmoja, wanaweza kukaa hapo muda mrefu mpaka mgeni adhani wamesahau wimbo. Wanangoja. Kisha ngoma kubwa inaingia kusema, na hapo ndipo mabega ya watu yanaanza. Kwenye ratiba ya ofisi, huyo wa ngoma kubwa akitaka kuingia ndipo MC anachukua kipaza sauti.

Zeze na ilimba (ubao wenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba) ni upande wa wanaume. Zeze la marehemu baba lilikuwa la nyuzi mbili, na vyuma vya ilimba yake alivifua kwa spoku za baiskeli, kwa hiyo hiyo habari yako ya meno ya reki haikunishangaza. Kwenye ubao wa ilimba kuna vitundu vinavyobandikwa utando wa buibui, ndiyo maana sauti inaunguruma kama nyuki. Wengi mnamjua Hukwe Zawose, aliyetoka huku kwetu. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam miaka ya 60, baadaye akafundisha Bagamoyo, akapiga zeze na ilimba duniani kote mpaka alipofariki 2003. Siku hizi Pendo na Leah Zawose, wa ukoo huo huo, ndio wako mbele na ngoma zao, wakati kwenye kundi la mzee wanawake walikuwa wa kuitikia nyuma. Kiberiti, hao si vijana?

Sasa wapi. Hapa mvua ni msimu mmoja, kwa hiyo na ngoma ina msimu. Uwele na mtama ukishaingia ghalani, kuanzia Juni mpaka Septemba, watu wana nafasi, harusi zinaanza. Ngoma haina bango wala tangazo la redio. Unaijua kwa kuwa na mtu. Mwezi wa saba kuna tamasha la muziki wa Cigogo, yaani Kigogo, pale Chamwino Ikulu, lilianza 2009, vikundi vinatoka vijiji vingi. Nenda. Lakini hata pale kuna jukwaa. Wewe vumilia mpaka jioni, vikundi vikiwa vinasubiri magari ya kurudi kwao. Mmoja anagonga, wa kijiji kingine anajibu, basi, hapo hakuna mtazamaji. Mwaka mmoja dereva wa fuso alizima gari akashuka kucheza, tukafika Mvumi saa saba usiku.

Na Jumapili usidharau makanisa ya vijijini. Bibi yangu aliambiwa achague ngoma au ubatizo. Leo wajukuu zake wako kwaya, kayamba na ngoma mbele ya altare, na wimbo ni wa Cigogo mtupu.

Ukija: usiendeshe gari mpaka uwanjani. Njoo na sukari au sabuni uwape kina mama. Simu iwe mfukoni. Na usiulize "shilingi ngapi", utawafanya wajione wako ofisini.

Mkunga_Mstaafu

Nimesoma nikatabasamu, lakini naomba niseme lisilosemwa. Mwana wa Mvumi amepita kando kwa adabu, naye ni mwanaume, namwelewa.

Muheme ulikuwa wa kuwatoa wali, yaani mabinti waliokuwa wakikeketwa na kufundwa. Nimefanya kazi zahanati za vijijini mkoa huu, na kuna miaka nilikuwa nikisikia zile ngoma usiku najua kesho kutwa nitaletewa binti anavuja damu. Sheria ya mwaka 1998 ilifanya kuwakeketa walio chini ya miaka 18 kuwa jinai. Haikuisha siku ile, ikahamia kwa watoto wachanga, kimya kimya, bila ngoma. Ndiyo ajabu yake: ngoma ndiyo iliyoacha kisu kwanza, watu wakafuata polepole.

Kwa muda mrefu sikuweza kucheza. Nilikuwa nikisikia ngoma kubwa tumbo linanikata. Nilicheza kwa mara ya kwanza kwenye harusi ya binti niliyemzalisha mwenyewe, na ngariba wa zamani wa kijiji kile alikuwa kwenye mstari, anapiga. Tulitazamana. Sina zaidi la kusema juu ya hilo. Mwanangu nenda ukacheze, ila ujue unachokikanyaga.

Binti_Ilazo

Shikamoo mama. Nimesoma mara tatu. Asante.

Kiberiti, hapo kwenye "wana hela na muda" umeteleza. Wale walikuwa wakulima na wavuvi, na walikaribia kuupoteza huo muziki kwa aibu. Katiba ya jimbo ya 1921 iliagiza masomo yawe kwa Kiingereza tu, watoto wakawa wanaadhibiwa shuleni kwa kusema Kifaransa cha nyumbani. Mwenye nyumba wangu alikuwa bibi wa miaka themanini na kitu, baba yake aliandikishwa mistari ubaoni, "sitasema Kifaransa". Alipokua hakuwafundisha wanawe. Na lugha ikiondoka wimbo unabaki na nani?

Kilichogeuza mambo ni mwaka 1964. Mpiga fidla mmoja, Dewey Balfa, alikwenda na wenzake kwenye tamasha la Newport, huko kaskazini mashariki, baada ya watu wa kwao kusema wanakwenda kuaibisha jimbo. Maelfu ya watu wakasimama kuwapigia makofi. Akarudi nyumbani akaanza kuhangaika, shule kwa shule. Mwaka 1974 likafanyika onyesho kubwa Lafayette, ndilo lililozaa tamasha lao la Oktoba. Nimecheza pale mara mbili, bustanini, na mchana mmoja vumbi liliinuka kama la hapa Dodoma, watu wamejifunga leso puani.

Halafu usidhani ni la wazungu peke yao. Mmoja wa walioiweka kodiani mahali pake ni Amédé Ardoin, Mkreoli mweusi, yaani mtu mweusi wa Louisiana wa jamii inayosema Kifaransa, aliyerekodi 1929 pamoja na Dennis McGee, mzungu wa fidla, wakati watu wa rangi zao hawakuruhusiwa kukaa meza moja.

Kuna neno lao nalipenda: dansi la kijiji wanaliita fais do-do, maneno ya kumbembelezea mtoto alale. Kina mama walikuwa wanakuja na watoto, wanawalaza chumba cha pembeni, wanarudi sakafuni kabla wimbo haujaisha.

Mwana wa Mvumi, nakufuata faragha kwa maelekezo.

Kiberiti_Changombe

Haya nimekaa. Ila ukienda uniambie, nina bodaboda, bei ya mtani.

Binti_Ilazo

MREJESHO.

Nimekwenda Jumamosi iliyopita, harusi, kijiji kimoja mbele ya Buigiri. Daladala mpaka barabarani, kisha bodaboda (si ya Kiberiti, alizima simu). Upepo wa Julai mnaujua, nilifika nywele na kope ni rangi moja na barabara. Kilo mbili za sukari mkononi.

Walikuwa bado wanaota ngozi moto. Nilipewa kigoda, nikadhani ndiyo mwisho wangu, mgeni wa kukalishwa. Mara mama mmoja akaja na njuga, akapiga magoti akanifunga bila kuniuliza chochote. Nikamkumbuka yule mzee wa Mamou na shati lake.

Nilianza vibaya. Louisiana ilinifundisha miguu, huku mambo yanaanzia mabegani, miguu inajibu tu. Halafu nilikuwa nahesabu kwa sauti bila kujijua, moja mbili tatu, moja mbili tatu, ile hesabu ya walzi. Aliyenifunga njuga akaniwekea kiganja mdomoni. "Usihesabu. Msikilize yule." Yule ni mwenye ngoma kubwa, ambaye alikuwa hajaingia bado, kasimama tu anatazama mbali. Tulimngoja. Kweli mtu anadhani wamesahau wimbo. Alipoingia sikuwa na nafasi ya kuhesabu tena.

Pembeni yangu mpigaji mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, wa kama miezi minane. Alilala tangu mwanzo mpaka mwisho, kichwa kinacheza kwa mwendo wa ngoma, mdomo wazi. Chumba cha pembeni cha nini.

Mama yake Mwana wa Mvumi nilimwamkia tulipopumzika. Alinishika mkono akaugeuza kiganja juu, chini, kama anayekagua maharage sokoni Majengo. Akauliza, "Ni wewe unayeandika zile karatasi?" Nikajibu ndiyo, mama. Akanywa chai yake kwanza.

"Basi siku nyingine andikeni na maji ya kunywa. Na kivuli."

Vifundo vya miguu bado vina alama za njuga, ofisini wamenitania wiki nzima. Kwenye rasimu ya shughuli ya mwezi wa nane nimeongeza mistari miwili chini ya kikundi cha ngoma: maji, turubai. Kifungu nimekibadilisha jina pia, sasa kinasomeka "wapigaji". Mkubwa wangu amekizungushia duara kwa kalamu nyekundu na alama ya kuuliza. Kesho ananiita.