Tupeane uzoefu: magari yamenenepa, mageti na maegesho ya huku Nyanda za Juu yako vilevile

Mkazi wa Sokomatola (mwanzisha uzi)

Kamwene, ugonile, na shikamooni wakubwa.

Nina duka la vifaa vya ujenzi maeneo ya Sokomatola, Mbeya mjini. Mbele ya duka kuna kibaraza, kisha mtaro wa mawe, kisha kipande cha kuegesha magari kichwa mbele. Zamani hapo zilikuwa zinakaa gari nne na kila mtu anashuka kwa heshima zake. Siku hizi zikikaa tatu tunamshukuru Mungu. Ya nne ikijichomeka, lazima kuna mtu atatokea mlango wa abiria. Wateja wananuniana, na gari jeupe likionekana lina mkwaruzo mwekundu ubavuni, kesi inaletwa kaunta kwangu.

Kipande hakijapungua hata inchi. Kilichobadilika ni magari. Corolla 110 ina upana wa mita 1.69. IST za kwanza ni 1.695. RAV4 zile za kwanza kabisa nazo ni 1.695, hizi za kuanzia 2019 ni 1.855. Harrier tako la nyani 1.845. Land Cruiser 300 ni 1.98. Hapo vioo vya pembeni hatujavihesabu.

Kwa wenzetu Uingereza nafasi ya kawaida ya kuegesha huchorwa mita 2.4 kwa 4.8. Ukiweka IST mbili kwenye nafasi mbili za hivyo, katikati yake zinabaki sentimita 70, mtu mwenye kitambi anapita akijibana kidogo. Weka LC 300 mbili, zinabaki 42, na humo humo mlango unatakiwa ufunguke. Sisi huku hata hiyo michoro hatuna, tuna mawe yaliyopakwa chokaa.

Wenye visa vya mageti, vichochoro, gereji za urithi, maegesho ya sokoni, kanisani, msibani, karibuni. Na kama kuna dawa mmeipata, mtuambie.

Fundi Mageti Uyole

Mkuu, hapo umegusa ugali wangu. Mimi nachomelea mageti, na siku hizi nikiitwa kwenye nyumba za zamani za Forest, Isanga au Block T, mara nyingi naitwa kuvunja kuliko kujenga. Nyumba nyingi kule zina geti la futi 8, yaani mita 2.44 kati ya nguzo na nguzo. Toa bawaba na unene wa mabawa yakishafunguka, unabaki na kama mita 2.3. Mzee aliyejenga alikuwa na Datsun au Corolla, akaona futi 8 ni nyingi mno. Sasa mtoto wake anarudi kutoka Dar na V8, yaani Land Cruiser 200. Bodi peke yake ni mita 1.97, ukiongeza vioo unapita mita 2 na kitu. Inaingia, lakini inaingia ikiwa imenyooka tu.

Na hapo ndipo wengi wanapoliwa pesa bure. Wanaambiwa "vunja nguzo moja, sogeza nusu mita", wanavunja, gari bado haliingii. Shida haipo kwenye geti, ipo kwenye uchochoro ulio mbele ya geti. Land Cruiser 200 inahitaji nusu kipenyo cha mita 5.9 kugeuka. Ukiwa na uchochoro wa mita 4 na ukuta wa jirani upande wa pili, utafika getini ukiwa mshazari, bampa la mbele limeshapita salama, ubavu wa nyuma ndio unaokula nguzo. Ukitazama nguzo za huku utaona zote zimebanduka rangi upande mmoja, usawa wa tairi la nyuma.

Ushauri wangu wa kazi: kabla ya kuvunja, chukua misumari na kamba, chora umbo la gari chini kwa upana wake pamoja na vioo, kisha angalia kona. Mara nyingi ukikata pembe ya ukuta, hapo ukuta unapokutana na nguzo, unapata zaidi kuliko kusogeza nguzo nzima. Geti la kusukuma kwa pembeni nalo linakurudishia zile inchi za mabawa, ilimradi ukuta wako ni mrefu wa kutosha kulipokea. Na uwanja uwe tambarare. Ukijenga geti la reli kwenye mteremko, litakuwa linajifungua lenyewe usiku.

Boda wa Kabwe

Sisi hatuna hiyo shida 😂 Endeleeni.

Binti Mshindo

Kamwene. Iringa tuna nyongeza ambayo hujaitaja, mwanzisha uzi. Mteremko.

Mji wenyewe uko juu ya kilima, ukitoka Ipogolo ni kupanda tu. Mitaa ya Miyomboni na kule karibu na soko kuu, ukiegesha kwa ubavu wa mteremko, mlango wa upande wa chini haufunguliwi, unadondoka. Unavuta kitasa, uzito wa mlango unakutoka mkononi, pwaa, kwenye gari la jirani. Na milango ya sasa ni mizito kwelikweli. Upande wa juu ni kinyume chake, unausukuma kwa bega, ukilegeza kidogo unakurudia kwenye ugoko.

Mama yangu anatembea na fimbo. Nikimpeleka kliniki natakiwa nifungue mlango, niushike kwa nyonga usimrudie, nimpe mkono mmoja, na mkono mwingine niweke kati ya ukingo wa mlango na gari la mtu. Siku moja jirani yetu wa kuegesha alikuwa na pikapu kubwa ya kisasa, nafasi iliyobaki hata mimi mwembamba napita kwa kuvuta pumzi. Nikamshusha mama katikati ya barabara, nyuma yangu bajaji wanapiga honi, mama anawaambia "ngojeni wanangu, na nyie mtazeeka".

Tangu hapo nimehamia kwenye Noah ya zamani. Wananicheka kuwa nimenunua daladala, lakini milango ya nyuma inateleza. Haimgusi mtu, haijali mteremko. Sijui kwa nini watu hawalitilii maanani jambo hili wanapochagua gari.

Parachichi Njombe

@Binti Mshindo umesema kweli. Alphard ni pana kuliko Noah lakini abiria wa nyuma wanashuka vizuri kuliko abiria wa Harrier. Dereva tu ndiye anayeteseka, na dereva amelipwa.

Mzee wa Mbozi

Shikamoo nazipokea. Vijana mnasema magari ya zamani yalikuwa madogo, halafu mnaona Land Rover 109 mnasema "lile dude". Nimeendesha 109 miaka mingi kwenye mashamba ya kahawa. Lile dude ni jembamba kuliko IST yenu.

Boda wa Kabwe

Mzee shikamoo, lakini hapo unatupiga kamba.

Mwanafunzi Iyunga

Nimecheki vipimo vyake. Land Rover Series III upana wake ni mita 1.68. IST 1.695. Mzee yuko sahihi 😳 Defender mpya ya 110 ni karibu mita 2 kamili bila vioo.

Mzee wa Mbozi

Ahsante mwanangu. Lilionekana kubwa kwa sababu lilikuwa refu kwenda juu na lina pembe kila upande. Ndani tulikuwa tunabanana mabega, bega la kulia linagusa kioo. Mlango ni bati la alumini tu, unaweza kuuvua bawaba na kuuegemeza ukutani. Ukigongwa ubavuni, kinachozuia ni goti lako. Nimezika wenzangu kwa ajili hiyo, kwa hiyo sitasema ya zamani yalikuwa bora. Nasema yalikuwa membamba.

Dalali wa Meli

Mzee ameingia penyewe. Nashughulika na uagizaji wa magari Japani, niongeze kidogo.

Kwanza hilo la mlango. Mlango wa gari la sasa una nondo ya chuma ndani, una mota ya kioo, spika, na siti zina mifuko ya hewa ya pembeni. Ulaya walipoanza kupima magari hadharani kwa kuyagonga mwaka 1997, mtihani wa kugongwa ubavuni ulikuwemo tangu mwanzo, na kiwanda kikifeli aibu inaonekana na kila mteja. Sentimita kadhaa kila upande zimeliwa hapo, abiria hakuongezewa hata moja.

Pili, mmeona namba ya 1.69 na 1.695 inajirudia? Si bahati. Japani gari la daraja la namba 5 halitakiwi kuzidi upana wa mita 1.70, urefu wa 4.70, kimo cha 2.00 na injini ya cc 2000. Likizidi kimojawapo tu linahamia daraja la namba 3. Kwa hiyo Corolla, Premio, IST, Noah za zamani zote zilibanwa ziishie hapo hapo. Kirikuu zenu, vile vigari vidogo vya mizigo, zina daraja lao la chini zaidi, mwisho mita 1.48 kwa 3.40, ndiyo maana zinaingia hadi jikoni. Sisi tumezoea Mbeya kuwa na magari membamba kwa sababu ya sheria ya Wajapani, hatukuwa tumepanga chochote. Siku hizi gari moja linatengenezwa liuzwe Japani, Marekani na Uarabuni kwa mpigo, na Mmarekani hana shida ya uchochoro. Hata Crown, ambayo walijitahidi kuibakiza kwenye mita 1.80 kwa ajili ya mitaa yao, mpya zimevuka.

Na si sisi tu. Ulaya wastani wa upana wa gari jipya ulikuwa sentimita 177.8 mwaka 2018, ukafika 180.3 nusu ya kwanza ya 2023. Paris walipiga kura Februari 2024, waliojitokeza wakakubali mgeni mwenye gari zito alipe mara tatu, yuro 18 kwa saa katikati ya jiji.

Mkazi wa Sokomatola

Yuro 18 kwa saa! Hapo mteja wangu angeniachia gari lenyewe.

Mlinzi wa Zamu

Lakini hoja ipo. Mimi nalinda maegesho ya sehemu fulani hapa mjini. Ushuru ni uleule, Vitz na V8. Mwenye V8 anakaa katikati ya nafasi mbili, anafunga, anaondoka. Nikimwambia asogee anasema "nikisogea sifungui mlango". Ni kweli hafungui. Na bosi naye ananiuliza kwa nini magari ni machache na uwanja umejaa.

Ludewa Ndani

Naomba nitetee wenye magari makubwa maana tunasemwa sana humu. Shamba langu la parachichi liko ndani ndani. Masika yakichanganya, ile barabara Vitz haifiki hata nusu. Sikununua gari kubwa kuringa pale Mwanjelwa. Nilipe mara mbili kwa sababu ya matope? Mimi mtu wa barabara mbovu nalipia kila kitu tayari, tairi, springi, mafuta.

Mlinzi wa Zamu

Mkuu wewe nakuelewa. Wangapi kati ya hao wamewahi kukanyaga matope, hiyo ndiyo kesi. Wengine V8 inaoshwa kila asubuhi.

Migomba ya Tukuyu

Ngoja niwape cha msibani. Rungwe mnaifahamu, nyumba zipo ndani ya migomba, njia ni ya gari moja, pembeni mtaro, na kila nyumba ina karavati lake la kuvukia. Msiba wa mzee mmoja anayeheshimika, magari yamejipanga njia nzima tangu barabara kubwa. Mvua imenyesha usiku, udongo unateleza. Mkubwa mmoja akaja na V8, akapenya penya hadi karibu na turubai, hapo mbele kuna Vitz ya mwalimu, mwalimu mwenyewe yuko makaburini na funguo mfukoni.

Dereva wa V8 akasema apite kwenye karavati la jirani, azunguke. Karavati lilimwagwa zege enzi za Peugeot. Akaingiza tairi za mbele, kushoto likakaa nusu kwenye zege, nusu hewani. Unaona kabisa mpira umekunjika ukingoni na vipande vya zege vinadondoka kwenye maji. Akina mama wakaacha kuimba wakaangalia. Wakamrudisha kwa mikono: "rudi, rudi, nyoosha, simama!"

Mwisho vijana wa ukoo wakavua makoti, wakaizunguka Vitz, moja, mbili, tatu, nyuma ikahama, kisha mbele, ikawekwa kwenye mgomba. V8 ikapita. Mwalimu aliporudi akaikuta gari lake linatazama jikoni, akauliza nani ana funguo nyingine.

Boda wa Kabwe

😂😂😂 Tukuyu hamjambo kweli.

Mwanafunzi Iyunga

Swali la nje kidogo, hii njia nne ya Nsalaga hadi Ifisi haitasaidia?

Mkazi wa Sokomatola

Itasaidia kupita. Kusimama ni shughuli nyingine, na ukishatoka barabara kuu unaingia mitaa ileile ya mtaro wa mawe.

Mgeni Soweto

Nimefuatilia kimyakimya, naomba msaada wa haraka. Nataka kununua Vanguard, nimeshapatana bei. Nyumba ya kupanga, geti futi 8, mwenye nyumba hataki livunjwe. Itaingia?

Fundi Mageti Uyole

Vanguard upana 1.815, zile zenye plastiki juu ya matairi ni 1.855. Getini utapita ukikunja vioo. Uchochoro mbele ya geti una mita ngapi?

Mgeni Soweto

Nimetoka kupima sasa hivi. Mita tatu na nusu. Na upande wa pili, ukiangalia geti, kuna nguzo ya umeme imesimama kama nusu mita kutoka ukutani.

Fundi Mageti Uyole

Nguzo ya umeme usawa wa geti? Ongea na yule binti wa Iringa akuelekeze alikopata Noah.