Darasa la kupika kwa kikundi hapa Kigoma, nani ashajaribu?

goti_bovu:
Wakuu habari za Jumapili. Niko Mwanga, mwanaume, naishi peke yangu mwaka wa pili huu, kazini natoka saa kumi halafu sina cha kufanya, mpira siuwezi tena na baa nimezichoka. Nasikia kuna watu wanakutana wikiendi wanafundishana kupika, sio kwa biashara, kujifurahisha tu. Wanaume wanaenda au nitakua kichekesho? Mapishi yangu yanaishia mayai na chai.

mama_kibirizi:
Karibu mdogo wangu. Sisi tuko saba, kila Jumamosi uani kwa dada mmoja Ujiji, mwenye kuleta mkaa haleti samaki. Wanaume wawili, mmoja bodaboda na ndo anatushinda wote kusonga ugali wa muhogo, hauoni donge hata moja. Siku ya kwanza ilikua mawese tu, maana wengi tunayamimina na kutupia kitunguu hapohapo, mchuzi unakua na ile harufu ya ubichi. Yaache moto wa wastani mpaka wekundu upungue na harufu ibadilike, ndo kitunguu kiingie, halafu mgebuka mkavu, yule samaki wetu wa ziwani. Mie nilizidisha moto nikaunguza nusu lita ya mwenzangu, uani hatuonani kwa moshi, mpaka leo wananiita Zimamoto 😂
Halafu ratiba tunaangalia mwezi. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, taa zao za kuvutia dagaa hazifanyi kitu, wiki hiyo tunapika maharage.

mwiko_mkavu:
Kabla hujalipa popote uliza kwanza kama utashika mwiko. Mimi niliwahi kulipia darasa mahali fulani (sitataja), watu ishirini jiko moja, mwalimu anapika sisi tunapiga picha, mwisho kila mtu akaonjeshwa kijiko kimoja. Nikapitia chipsi njiani.

wa_isevya:
Tabora tunacho kikundi kama hicho, ila huku nusu ya muda ni ubishi. Mwenzetu mmoja wa kuja alikua anaita vyote viazi vikavu, mabibi wakamkalisha chini: michembe unakata viazi vibichi ndo unaanika, matobolwa unachemsha kwanza. Siku hiyo tulipika michembe ya karanga, na yeye ndo alikomba sufuria. Zimamoto, dagaa wenu mnatoaje mchanga?

mama_kibirizi:
Maji ya moto, koroga, wachote kwa juu, usimwage beseni maana mchanga umekaa chini. Rudia mpaka kidole kikigusa chini pawe laini. Ukiwahi kununua wa kwenye chanja, walioanikwa juu sio mchangani, wala huhangaiki hivyo.

goti_bovu:
Dada Zimamoto umenimaliza. Jumamosi hii mwezi ukoje?

mama_kibirizi:
Giza totoro, dagaa wapo. Njoo na mkaa, na hilo goti lisikutishe, kigoda kipo.